Bwawa Lililofungwa

Mwanaamina aliposikia kengele ya baiskeli alijichomeka katikati ya matete, ndoo ya perege kifuani. Samaki walikuwa hai bado. Walipiga mikia, maji yakamlowesha kanga. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Yarabi, Mwinyijuma!" alinong'ona.

Mwinyijuma ndiye aliyelilinda bwawa hilo la kando ya Ruvu, karibu na Mlandizi. Mwaka uliopita serikali ililifunga. Bwana samaki, bwana maji na bwana shamba walikuja kwa Landrova moja, wakapatana mbele ya wanakijiji: asivue mtu, asilime mtu ukingoni, matete yaachwe, perege wazaane upya. Mwenyekiti wa kijiji akakazia, "Atakayeonekana na samaki, Kisarawe mahakamani! Hata awe mama yangu mzazi."

Asubuhi hii wakubwa walikuwa wanarudi kutupa wavu. Perege wakionekana, bwawa lingefunguliwa na kijiji kupewa nyavu mpya. Wasipoonekana, lingefungwa tena miaka mitatu. Watu walikwishachoka kula ugali kwa mchicha.

Mwinyijuma akaegemeza baiskeli. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavua viatu, akafungua debe alilolifunga nyuma kwa mpira.

Mwanaamina akatoa macho. Kila Ijumaa baada ya sala mtu huyu huwalaani wezi wa bwawa, kumbe mwizi mwenyewe ndiye! Hasira ikaishinda hofu. Akajitokeza.

"Shikamoo, mlinzi wetu!"

Mwinyijuma nusura atumbukie. Macho yake yakaangukia ile ndoo.

"Marahaba... Mwanaamina! Na wewe unaiba?"

"Niliiba wakati wa njaa. Wanangu walikuwa wanalala na maji matupu tumboni. Wewe je?"

Mlinzi akajikuna kisogo. "Mimi nilianza kabla yako."

Kisha akainama, akaliinamisha debe, perege wanono wakateleza kuingia bwawani.

Mwanaamina akacheka mpaka akashika mbavu. Akapiga magoti ukingoni, akawamwaga na wa kwake, aliowabeba kwa miguu kutoka Soga.

Ng'ambo, matete yakatikisika. Mwenyekiti alikuwa anamimina debe lake la pili.