Tikiti Zimeisha

Isiolo ilikuwa imeishinda Nairobi, na Denge hakuamini hata kidogo.

Kazi yake katika kampuni ya kusambaza filamu ilikuwa kupima mafanikio, na kipimo kilikuwa kimoja: katika kila viti mia, vingapi vimepata mnunuzi? Ile filamu mpya ya wazungu ilijaza nusu ya ukumbi Nairobi, wakubwa wakapeana mikono. Mombasa haikufika hapo. Halafu zikaja habari za Isiolo, mji wa vumbi na mnada wa ng'ombe: kila kiti, kila onyesho, wiki nzima.

"Wanaonyesha picha nyingine kwa jina letu," Denge aliwaambia wakubwa. Wakamtuma akajionee.

Alifika Jumamosi alasiri, jua la mwaka ule wa 1979 likichoma bila huruma. Ukumbi ulikuwa banda refu la mabati. Ubao wa dirisha la tikiti uliandikwa kwa chaki: TIKITI ZIMEISHA. Vijana wasiopungua ishirini walikuwa wamesimama kivulini, wamenuna.

"Tangu Jumatatu tunarudishwa," alilalamika mmoja wao, fundi baiskeli aliyeitwa Chachu. "Mama Akuam anakuja asubuhi ananunua kwa jumla. Anasema ni ya watu yake."

"Watu wake ni wengi kiasi hicho?"

"Waturkana ni wengi, bwana."

Robow, mwenye ukumbi, alimpokea mgeni kwa chai ya maziwa ya ngamia, lakini uso haukuwa wa mtu aliyepata bahati. Alijipangusa jasho shingoni mara kwa mara.

"Picha ni ile yenu," alisema. "Naendesha kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mkataba inasema. Kila kiti imelipiwa. Makosa iko wapi?"

"Hakuna kosa, mzee wangu. Nataka siri yako tu."

Robow aliinua kidevu kuelekea mlangoni. "Siri si yangu. Muulize yule."

Mlangoni, mgongo ukiwa umeegemea mwimo, alikaa mwanamke wa makamo juu ya kigoda. Shanga zilimjaa shingoni, fimbo ya mchungaji ilimlalia magotini. Denge alikwisha kuambiwa habari zake: Akuam, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyeanza na mbuzi wawili na sasa madalali wote wa mnadani walimwamkia kwanza.

"Habari, mama. Mbona hauko ndani na wenzako?"

"Nimelipa. Mahali nitakaa ni shauri yangu."

Denge akacheka. Aliwapenda wateja wa namna hii. Akachuchumaa mbele yake. Nyuma ya mlango ngoma za filamu zilikuwa zikirindima, bunduki zikilia. Hakusikia kicheko. Labda, alidhani, watu wa huku hutazama kwa heshima.

"Na ile sehemu ya yule mzee, wameionaje? Ile anayofungwa kamba shingoni?" Bila kungoja jibu aliweka viganja chini mavumbini, akatoa ulimi, akabweka. "Hivi! Nairobi watu walianguka vitini. Kuna mmoja alicheka mpaka akatolewa nje akapepewe."

Vijana kivulini wakacheka. Akuam hakucheka. Alimtazama mpaka akainuka mwenyewe na kujipangusa magoti.

"Yule mzee ni baba yangu," alisema.

Denge akajipangusa viganja kwenye suruali.

"Jina lake Lotukoi. Watu wakigombania maji, yeye ndiye alikuwa anaitwa. Hata maadui walikuwa wanamsikiza. Wazungu walikuja mwaka wa njaa, wakasema, bweka, tutawapa watoto unga. Alibweka. Tulikula ule unga. Mimi pia nilikula."

"Basi, mama..." Denge alilazimisha tabasamu. "Basi baba yako ni nyota! Watu wote wanamjua!"

"Huko kwenu, ndiyo."

"Na hapa pia! Tazama mlivyojaza ukumbi! Hakuna mji wowote Kenya uliofanya hivi. Kampuni itafurahi mno."

"Ikifurahi, shauri yake." Akuam aliigeuza fimbo magotini. "Ikitoka hapa inaenda wapi?"

"Jumatatu itakuwa Marsabit."

"Huko Marsabit, hiyo nyumba ya sinema iko na viti ngapi?"

"Kama mia na hamsini hivi. Kwa nini, utaifuata?"

"Nitaifuata. Ng'ombe niko nao."

Denge karibu amkumbatie. Hii ndiyo iliyokuwa siri! Binti anayejivunia baba yake, na ukoo mzima umetembea kutoka Oldonyiro na kwingineko kuja kumwona mtu wao. Wakubwa wangeipenda habari hii. Angeiandika akirudi, aeleze jinsi nyuso zilivyong'aa gizani.

Kilichobaki ni kuziona hizo nyuso. Akampita yule mama, akausukuma mlango.

Mwanga wa jua ulikimbia mbele yake, ukaangukia safu ya kwanza ya viti, kisha ya pili, kisha zote hadi mwisho. Hapakuwa na mtu. Kwenye kitambaa cheupe, mzee alikuwa anatambaa kwa magoti akibweka, na viti vitupu vikimtazama.

"Funga mlango, kijana," Akuam alisema nyuma yake. "Wewe huna tikiti."