Mume wa Leonora

Mti wa kunyongea ulisimikwa ufukweni kabla hata jeneza moja halijaletwa. Kampuni ya meli, iliyotawala koloni la Rasi, iliogopea mali yake isiporwe. Tufani ilikuwa imekata kamba za nanga, na meli zake zote ghubani zikapasukia kwenye mchanga wa Rasi. Mawimbi yalitapika mapipa, nguo na watu.

Leonora alipenya katikati ya askari.

"Mama, rudi! Utaning'inia pale!" alifoka askari aliyeitwa Joost.

"Mume wangu alipeleka kabichi melini jana. Nikishampata, ninyonge."

"Mumeo ni mtumwa?"

"Ni huru, kama mimi. Tulihangaika wote mpaka tukaachiwa. Anaitwa Februari."

"Kama ni huru, mchukue. Ila mateka wa kisiwa cha Bukini waliokuwa melini ni bidhaa. Aliye hai anapelekwa banda la watumwa, aliyekufa kwenye shimo lao."

Leonora alikimbia kutoka maiti hadi maiti, akigeuza nyuso, akiita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaliona koti la bluu, lenye kiraka alichokishona kwa mkono wake. Akaanguka magotini. Mvua ilichapa, Joost hakuona tena kitu ila mgongo wake ukipanda na kushuka.

Joost alipomfikia, alimkuta akifunga vifungo vya koti kifuani mwa mtu aliyekuwa akitetemeka na kutapika maji. Kando yao palilala maiti, kifua wazi.

"Mbona mikono ya koti inaishia kwenye viwiko? Mumeo amerefuka baharini?"

"Limelowa usiku kucha. Hata wewe ungenywea."

Joost alicheka, kisha akamwinamia yule mtu. "Jina lako nani?"

Mtu yule alimtazama Leonora.

"Februari," Leonora akasema upesi. "Amemeza bahari nzima, unataka akuhutubie?"

"Na huyu?" Joost alimsukuma maiti kwa buti.

Leonora alifunga kifungo cha mwisho.

"Simjui."

"Haya, ondokeni kabla sijabadili nia."

Alimkokota yule mtu begani, wakaupanda mteremko bila kugeuka. Walipofika kwenye mashamba ya kabichi, Leonora akajikwaa kwenye tuta. Yule mtu akamdaka, akamwuliza jambo kwa Kibukini. Leonora hakuelewa hata neno moja.

Kule chini, askari walikuwa wakimburuta Februari kwa miguu kuelekea shimo la watumwa.