Mguu Usiokandwa

Mkandaji aliondoa mikono yake kwenye mguu wa dereva ghafla, kama mtu aliyeshika sufuria akidhani imepoa.

"Sikandi," alisema.

Dereva aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alikuwa pande la mtu, na kitanda kililalamika kila alipojigeuza. "Unasemaje, mama? Nimetoka safari na lori, nimekaa kwenye usukani mpaka makalio yamekufa ganzi. Nyonga inauma, goti linauma, mguu mzima unawaka moto, nawe unasema hukandi? Umekuja kunitazama?"

"Nyonga na goti ningekanda. Huku chini, hapana."

Si kwamba alizoea kukataa miguu. Watu walioletwa kwake wakiwa wamebebwa walirudi makwao wakitembea, na mtaani walisema vidole vyake vina macho. Lakini shavu la mguu huu wa kushoto lilikuwa limetuna, ngozi inang'aa, joto linapanda, na mguu wa kulia mzima kabisa. Aliyemfundisha kazi alimwonya juu ya mguu wa namna hiyo kabla ya kumwonya juu ya jambo jingine lolote.

"Na wewe umesimama hapo kama mlingoti?" dereva alimfokea mkewe. "Lete maji!"

Mke, aliyekuwa mlangoni, alikunja bega kabla sentensi haijaisha. Mkandaji alimjua huyu kuliko alivyomjua mumewe. Mwaka jana alimkanda nyonga, aliteleza bafuni. Kisha goti, aliteleza bafuni. Juzijuzi bega. Bafu lile lilikuwa na utelezi wa ajabu, maana katika nyumba ya watu watatu lilimwangusha mmoja tu. Mkandaji alikuwa akikanda na kunyamaza, ya ndani akiwaachia wenye ndani, ingawa njiani kurudi kwake roho ilikuwa ikimsuta.

Alimfuata mke jikoni.

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Damu imeganda ndani ya mguu ule. Ukikandwa, donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu akakata roho huku unamwangalia. Anatakiwa hospitali sasa hivi."

Mke aliweka kikombe chini. "Hata akikandwa kidogo tu?"

"Hata kidogo."

"Ni hapo nyuma, chini ya goti?"

"Hapo hapo. Pasiminywe, pasichuliwe."

Mke aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi anayetaka kushika somo. Mkandaji alishukuru kwamba nyumba ile ilikuwa na angalau mtu mmoja mwenye masikio.

Kwani mama mkwe, aliyekuwa sebuleni, hakuwa nayo. "Wanaume wa ukoo huu wote miguu huwavimba," alisema bila kuzima redio. "Baba yake alikandwa akapona. Kama umechoka kazi, mwenzangu, sema. Nitamkanda mwenyewe. Mguu ule naujua tangu haujakanyaga chini."

"Mama, utamuua mwanao!" mkandaji alipaza sauti.

"Nimemzaa mimi, nije nimuue mimi?"

Teksi haziingii mtaa ule. Lazima zifuatwe barabarani, na mke kwa goti lile asingefika upesi. Mkandaji aliamua kwenda mwenyewe. Alimvuta mke kando, akamshika mabega yote mawili.

"Kaa naye chumbani. Mama mkwe wako asimguse. Akilazimisha, funga mlango. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alikwenda mbio, viatu mkononi. Aliogopa kwelikweli. Hakumpenda yule dereva, lakini kutompenda mtu si kumtakia kaburi, na tena mgonjwa akifa siku aliyoitwa mkandaji, nani atauliza kama alikanda au hakukanda? Dereva wa teksi alibisha bei, akabisha njia, akakubali mwishowe kusogea hadi mdomoni mwa uchochoro na kungoja hapo.

Aliporudi alisikia kilio tangu kwa jirani.

Mama mkwe alikuwa sakafuni sebuleni, mikono kichwani. Mkandaji alisimama mbele yake, hasira zimempanda. "Umemkanda! Nilikuambia, ukamkanda!"

"Sikumgusa!" mama mkwe alilia. "Nimemgusa saa ngapi? Huyu binti alinifungia nje kwa komeo. Nimegonga mpaka nimechoka, mwanangu anapiga kelele huko ndani. Anasema ni wewe uliyemwagiza!"

Mkandaji alinywea. Aliona haya kwa kumsingizia mama wa watu. Basi donge lilikuwa limeng'oka lenyewe. Hutokea, mguu wa hivyo hauna dhamana. Angetoka mapema kidogo tu. Angeita teksi kabla ya kusema lolote.

Aliingia chumbani. Dereva alilala chali, kinywa wazi, macho yakitazama dari. Mke aliketi ukingoni mwa kitanda, kichwa ameinamisha, mikono ameibana katikati ya magoti. Halii.

"Pole, mwanangu," mkandaji alisema, naye machozi yakimlenga. "Usijilaumu. Ulifanya kama nilivyokuambia."

Alimshika mikono ili amfariji, ikamponyoka. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka kwenye vifundo, na vidole gumba vyote viwili vilikuwa vyekundu.

Sebuleni mama mkwe alikuwa ananyanyuka, akikokota ndala kuja chumbani.

Mkandaji aliusukuma mlango kwa kisigino, akainua pindo la gauni lake, akaanza kuipangusa mikono ile, kidole kimoja kimoja.