Mito Miwili, Mlima Mmoja

Programu ya takwimu iliuliza mito miwili ya mji ule hufuatana kiasi gani katika kujaa na kupungua. Mara ya kwanza Asumini aliacha sifuri, kana kwamba kila mto una mvua yake. Leo alijaza namba ya kweli, kwani yote hushuka mlima mmoja, na uwezekano wa kufurika kwa pamoja ukapanda mara kumi. Uso ukamwaka kwa aibu. Kwa kuamini hesabu yake ya kwanza, watu walikuwa wakijenga pale mito inapokutana.

Akateremka huko mbio. Bi Mwanaheri alikuwa akikandika ukuta wa nyumba yake mpya.

"Karibu, mtaalamu wetu! Vua viatu, njoo uchafuke nasi. Wewe ndiye uliyetupatia kiwanja."

"Shangazi, acheni kujenga. Mito hii itafurika pamoja. Hesabu ilikosewa."

"Aliyekosea nani, hiyo kompyuta yako?"

Asumini alitamani kuitikia ndiyo.

"Mimi, shangazi. Iliniuliza, nami nikaijibu ovyo."

Kiganja cha Bi Mwanaheri kilibaki juu ya udongo mbichi, hakikukandika tena wala hakikubanduka.