Sanduku la Nakal

Mkono wa Lokaale ulivunjika kwa pigo la tatu, na aliyepiga pigo hilo alikuwa Ekidor, fundi wa redio, mtu ambaye hata kuku hakuwahi kuonekana akichinja.

"Maksai wa Ebei yuko wapi?" aliuliza Ekidor, rungu bado juu.

Lokaale hakujua. Alisema alimkuta Ebei amekwisha kufa kando ya barabara ya Merti, kichwa kimepasuliwa, akamwinua, na damu ikamwingia kwenye shuka kwa kumwinua. Nani angeamini? Mwaka mzima wawili hao walikuwa wamegombania kisima. Isiolo ilihitaji mtu wa kupigwa, na huyu alikuwa karibu.

Shida ilikuwa moja. Ebei alimnunua maksai huyo kule Biliqo, akamswaga peke yake siku sita, akauawa maili mbili kabla ya kufika nyumbani. Hakuna mtu mjini aliyejua ng'ombe mwenyewe alifananaje. Wazee walimuuliza mjane, Nakal, lakini yeye aliziba mdomo kwa kitambaa. Basi wakampa Lokaale mpaka Krismasi. Asipomtoa ng'ombe, angetolewa yeye kwa vijana wa ukoo wa Ebei, na kila mtu alijua maana yake.

Wiki iliyofuata Nakal alifika kibandani kwa Ekidor kuagiza sanduku la muziki la sikukuu. Litumie betri, alisema, maana uwanjani hakuna stima. Liwe na kipaza sauti, na mahali pa kanda kwa ajili ya nyimbo za kwaya. Na lisikike mpaka mnada wa mbuzi.

Ekidor alikubali kabla Nakal hajamaliza kusema. Tangu mazishi alikuwa akimpelekea mjane sukari na majani ya chai, na sasa aliona mambo yanaiva. Alimpenda, hilo tusimnyime.

Alifanya kazi kama mwenye homa. Mbao alizitoa kwenye kreti za soda, spika mbili kwenye basi lililopinduka, betri na mtambo wa kanda kwenye lori bovu. Mbele alitandika waya wa kuku. Swichi aliifungia ndani kwa kufuli, walevi wasiichezee, akaacha nje mdomo wa kanda na waya wa kipaza sauti tu. Hakupumzika ila Jumapili, alipopanda baiskeli kwenda Ngare Mara kutengeneza redio ya mjomba wake. Redio hiyo iliharibika kila Jumapili, maskini.

Siku moja Lokaale alikuja kibandani, mkono umefungwa kwa vijiti, kumwomba amwombee kwa Nakal.

"Fundi, wewe anakusikiza," alisema. "Mwambie mimi nilimwinua tu. Niko na watoto."

Ekidor alimbandika chuma cha lehemu shavuni. Moto ulikuwa mkali, ngozi ikalia, na Lokaale akatoka kibandani akitambaa. Ekidor aligeuka akaendelea kuunga waya zake.

Krismasi hiyo ya 1981 vijana wawili walibeba sanduku kwa mti mabegani mpaka uwanjani. Ekidor alimkabidhi Nakal ufunguo wa kufuli mbele ya watu, kwa madaha, kana kwamba anamvisha pete. Mchana ulikuwa mweupe kwa jua. Watu waliruka ngoma ya edonga, vumbi likapanda, na vijana wa ukoo wa Ebei walikuwa wamekuja na marungu mapya.

Kisha wanaume wakapanga foleni kuimba. Mturkana humwimba maksai wake mwenyewe, rangi yake, pembe zake na kengele yake, na hamwimbi wa mwingine. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti zao zikiwa kubwa hivyo, wengine walilia. Lokaale naye aliimba, mkono kifuani, akamwimba yule wake wa kijivu ambaye kila mtu alimjua. Aliimba kama anayeaga, na marungu yakamsogelea.

Nakal alichukua kipaza sauti.

"Na fundi wetu? Ama wewe hauna maksai, ni waya tu?"

Uwanja mzima ulicheka. Ekidor alikuwa na vikombe vitatu vya busaa tumboni, na angeweza kuvumilia kicheko cha kila mtu isipokuwa cha Nakal. Alimnyang'anya kipaza sauti, akafumba macho, akaimba.

Alimwimba maksai mwekundu mwenye tumbo jeupe, pembe moja ikitazama mbingu na nyingine ikichimba ardhi, kengele yake imepasuka na hulia mara mbili. Aliimba vizuri kuliko wote. Watu waliacha kuruka wakamsikiliza, wakishangaa kwamba fundi naye alikuwa na ng'ombe mzuri hivyo.

Nakal alipiga makofi mpaka wimbo ukaisha. Kisha alitoa kanda kifuani mwake.

"Hii ilikuja na lori la Merti, siku tatu baada ya mazishi," alisema, akaitia mdomoni mwa sanduku.

Spika zilikwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikajaa uwanja.

"Nakal, ni mimi Ebei. Niko Merti, hapa dukani kwa Dima, nakurekodia. Nimepata maksai, mama. Mwekundu, tumbo nyeupe. Pembe moja inaangalia juu, ingine inachimba chini. Nimemfunga ile kengele yetu iliyopasuka. Ngoja nikuimbie."

Ekidor alirukia sanduku, akavuta kufuli kwa mikono yote miwili mpaka kucha zikang'oka. Lilikuwa sanduku imara, lilitengenezwa na fundi.

Lokaale aliokota rungu kwa mkono wa kushoto.