Mkono wa Elinami

Siku mume wangu Elinami alipofariki, ujuzi wa mikono yake ulihamishwa kama sheria inavyotaka, akapewa jirani yetu Ndeshi, ambaye hakuwahi kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, maishani. Jumamosi nilimkuta akipima joto la uji wa kimea kwa kiganja, akavuta ukuni mmoja, akafunika chungu kwa blanketi. Joto halikuyumba.

"Mama Aika, usininunie. Sikuomba."

"Sijanuna. Wewe pika, si mikono unayo."

Kisha akamwendea mumewe, akamwekea kile kiganja chenye joto nyuma ya shingo. Elinami alinifanyia mimi hivyo kila alipomaliza kupima. Nilimuuliza Ndeshi sababu, akasema hajui.

Sasa kila Jumamosi mumewe huinamisha kichwa na kungoja.