Kahawa ya Daraja la Nne

Delbert Krupa alikoroga kahawa ya rafiki yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakivunja kijiko cha plastiki na kukitupa kwenye pipa la taka hatari. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Rafiki mwenyewe, Orrin Tackett, alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana, katika ghala la kiwanda cha dawa za kusafishia mabomba nje kidogo ya Toledo, Ohio. Desturi yao ilikuwa moja: Delbert anatengeneza kahawa ya asubuhi, Orrin ya mapumziko. Sasa msimamizi wa ghala alikuwa anastaafu, na alasiri hiyo wote wawili wangehojiwa kwa nafasi yake. Kila mtu alijua Orrin ndiye angeipata. Alipendwa. Delbert naye alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa muda mrefu, hata mkewe alishawatangazia majirani.

Kuchagua chupa ya kumtilia Orrin hakukumsumbua. Mlangoni mwa ghala lilining'inia bango la umbo la almasi alilolipita kila siku: pembe ya buluu ni afya, na namba ndani yake, sifuri haina neno, nne ni kifo. Kwenye rafu ya sampuli alikuta chupa ambayo karatasi yake ilisema, Sumu ikimezwa, daraja la 4. Alishangaa kwamba vitu vya namna hiyo huachwa wazi, akanuia kulirekebisha hilo akishapewa cheo.

"Del, hii umeichuja kwa soksi?" Orrin aliuliza baada ya funda la kwanza.

"Iache basi, kama huitaki."

"Nani kasema siitaki? Ya juzi ilikuwa mbaya zaidi." Akainywa yote.

Delbert akasubiri. Orrin akala donati. Akapakia mapipa, akamtania dereva wa lori kuhusu timu yake, akala donati nyingine. Wakati wa mapumziko akamletea Delbert kahawa kama kawaida, akasimama palepale mpaka mwenzake alipomaliza kikombe. Ndipo Orrin alipojishika tumbo na kukimbilia chooni. Delbert alimsindikiza kwa macho, akavua kofia.

Muda wa somo la usalama ukafika. Mwalimu, mama mmoja mkavu aitwaye Bi Oyler aliyetumwa kutoka makao makuu, hakumsubiri aliyekosekana. Alisema amechoka kuona watu wakichanganya mambo mawili. Bango la mlangoni ni la wazima moto, na hapo nne ndiyo mbaya kuliko zote. Karatasi ya kwenye chupa huhesabu kinyume: daraja la 1 linaua, daraja la 4 litakusumbua tumbo.

Mtu mmoja akauliza ni nani aliyepanga hivyo.

"Ofisi mbili zisizosemezana," alijibu Bi Oyler, akageuza ukurasa.

Kwanza Delbert alikasirika, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Halafu kifua kikamlegea, akatambua kwamba amefurahi. Hakuwa ameua mtu. Orrin angerudi, angepewa cheo, angekuja Jumapili kuchoma nyama uani, na hilo lilikuwa jambo jema kuliko cheo chochote. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na ulimi umekuwa mzito. Alidhani ni shukrani.

Somo lilipokwisha, Orrin alitokea, uso umempauka, akamvuta kando nyuma ya mapipa.

"Del, ndugu yangu, nisamehe. Mungu kanilipa leo leo, tumbo limenikata mpaka nimeona nyota. Nilikutilia kitu kwenye kahawa."

Delbert alitaka kusema naye pia ana la kuungama, lakini maneno hayakutoka.

"Nilitaka tu ukose usaili. Wewe unajua kujieleza, mimi najua kuchekesha watu tu, nikaogopa. Lakini usiwe na wasiwasi, kaka, mimi siyo mnyama. Nilisoma chupa zote kwanza. Ina picha ya fuvu, sawa, lakini hawa watu wa usalama hubandika fuvu hata kwenye sabuni." Orrin akamshika bega. "Nilikuchagulia daraja la 1, Del. Chini ya hapo hakuna."